Gia za Honda CG, XL na Yamaha za zamani zinasumbua? Pitia hapa kabla hujapasua injini

Hii ni kwa wenye piki za zamani, Honda CG125, XL125S, Yamaha DT na AG100, zile za mabwana mifugo, mapadre na miradi ya maji ambazo ukizunguka Mpwapwa, Kongwa, Kondoa mpaka Manyoni bado unazikuta, ingine inatembea ingine imelala chini ya mwarobaini kuku wanatagia kwenye siti. Watu wanazinunua siku hizi wanazifufua na kilio cha kwanza huwa gia. Malalamiko yenyewe yanajirudia sana, kwaiyo nimeyapanga kwa dalili, na kila dalili naanza na sababu inayotokea zaidi na yenye gharama ndogo.

Kitu kimoja ushike kabla ya vyote. Mtu akisema giaboksi imekufa, mara nyingi haijafa. Kuna tabaka tatu. Ya kwanza iko nje: oili, waya wa klachi, cheni, pedeli. Ya pili iko nyuma ya kava la kulia: klachi, springi ya pedeli, ile nyota ya dramu (dramu ni ule mche wa mifereji unaosogeza gia) na mkono wake wenye kirola. Ya tatu ndo giaboksi yenyewe, na hizi piki zote nne injini inagawanyika kushoto na kulia, ukitaka kuziona gia lazima injini ishuke, hedi itoke, silinda itoke, magineti itoke, ndipo upasue bloku. Ni kazi kubwa. Fundi anayekwambia "pasua" kabla hajagusa hata waya wa klachi, mwambie asante, ondoka na piki yako.

Fri (piki isiyo kwenye gia yoyote) haipatikani ukisimama, gia zinaingia kwa kishindo

Hapa klachi haiachii vizuri. Angalia uhuru wa mkono wa klachi kwenye usukani, ncha ya mkono inatakiwa icheze kama sentimita moja mpaka mbili kabla haijaanza kuvuta. Ikicheza zaidi ya hapo, kaza kwenye kirekebishi cha waya. Kama waya umechanika nyuzi ndani ya gamba, marekebisho hayatadumu hata wiki, nunua mwingine, bei yake ndogo.

Pili ni oili. Kwenye CG na XL injini na gia na klachi vyote vinakunywa oili moja, na haifiki hata lita moja kamili, kwaiyo ikichakaa inachakaa kwa wote. Mtu anaweka oili nzito ya lori, alafu asubuhi ya baridi ya Julai hapa Dodoma anashangaa piki inataka kuondoka yenyewe akiwa ameminya klachi. Weka 20W-50 au 15W-40 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, hicho kipimo kipo tangu 1998 na kiliwekwa kwa ajili ya klachi zinazooga oili kama hizi.

Piki iliyolala muda mrefu, sahani za klachi zinagandana. Usikimbilie kufungua. Iwashe ikiwa fri ipate moto, zima, minya mkono wa klachi mpaka mwisho ufunge na mpira wa tyubu usiku mzima, asubuhi weka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa na klachi bado imefungwa, isukume mbele na nyuma. Nyingi zinaachia hapo hapo.

Ikigoma ndo unafungua kava la kulia. Toa sahani za chuma uzilaze kwenye kioo, ukiona mwanga unapita chini yake imepinda. Alafu pitisha ukucha kwenye zile kuta za nyumba ya klachi ambapo sahani zinaegemea, ukikuta vishimo, sahani inaning'inia pale haitelezi kurudi. Vishimo vidogo unapiga tupa taratibu mpaka ukuta unyooke, ila vikiwa virefu badilisha nyumba nzima, ukizidisha kuipiga tupa, sahani zitakuwa zinagonga gonga.

Angalizo: usipulize vumbi la klachi za zamani kwa mdomo wala kuzisugua kavu, sahani za miaka ile zingine zilikuwa na asbesto. Osha kwa dizeli.

Injini inalia, piki haisogei kama zamani

Ukiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 40 weka gia ya juu, fungua mafuta ghafla. Mlio ukipanda mbio za piki zikabaki pale pale, klachi inateleza, giaboksi haihusiki kabisa.

Sababu: waya umekazwa mno, hakuna uhuru kwenye mkono. Hiyo ndo namba moja, na ndo matokeo ya kila mtu kujikazia waya. Inayofuata ni oili ya gari ndogo ya petroli, ile inayojisifu kuokoa mafuta, ina dawa za kupunguza msuguano na klachi yako inaishi kwa msuguano. Baada ya hapo ni sahani kuisha. Pima na venia (kile kipimo cha unene), sahani ya CG ikiwa mpya ni karibu milimita 3, ikishuka 2.6 tupa. Mwisho springi kuchoka, zilinganishe na mpya kwa kuzisimamisha pamoja, ukibadilisha badilisha zote.

Usiendelee kuiendesha hivyo ukipandisha mlima wa Kondoa na abiria, sahani zinaungua na unga wake wote unaingia kwenye oili ile ile inayolisha krenki.

Gia inachomoka yenyewe

Hii ndo dalili yenyewe hasa na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu namna inavyochomoka ndo inakwambia ugonjwa uko wapi.

Kwanza yale ya nje. Pedeli imelegea kwenye meno yake, au imepindishwa ikapigwa nyundo, inagusa kava au buti kabla gia haijaingia mpaka mwisho. Gia iliyoingia nusu lazima ichomoke. Ukienda na ndala ndo kabisa, mtu anaogopa kidole chake anakanyaga kinusu nusu. Cheni nayo, ikilegea sana inavuta kwa mishtuko na gia iliyochoka kidogo inaruka. Kwa CG cheni icheze sentimita 2 hivi katikati, hizi za porini kama XL na DT zinataka zaidi, kama 3 mpaka 4.

Yakiisha hayo jiulize inachomoka lini.

Inachomoka ukipita kwenye matuta na mashimo, au ukiwa na mwendo tulivu tu bila kuvuta, angalia tabaka la pili. Nyuma ya klachi kuna mkono wenye kirola ambao springi inaukandamiza kwenye nyota ya dramu. Springi ikikatika au ikilegea, au kirola kikiisha, dramu haina wa kuishika. Kitu cha bei ya soda, na injini haishuki kwenye fremu. Kuna watu wamepasua injini nzima kwa hiki.

Inachomoka ukivuta mafuta, hasa mlimani na mzigo, na ni gia ile ile kila siku. Hapo ni tabaka la tatu, pole. Gia za pikipiki hazishikani kwa meno ya nje, yale ya nje muda wote yameumana. Zinashikana kwa pembe zinazotokeza ubavuni, gia moja inateleza kwenye shafti inaingiza pembe zake kwenye matundu ya jirani yake. Pembe mpya kona zake ni kali na ukuta wake umechongwa kuinamia ndani kidogo, ili kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kung'ang'aniana. Zikiliwa kona zinakuwa duara, na duara likisukumwa linateleza kutoka. Gia ya pili ndo inaongoza kwa kufa hivi maana kutoka ya kwanza kwenda ya pili unavuka fri, safari ya dramu ni ndefu, na mwenye haraka anaingiza bila kukanyaga klachi mpaka mwisho.

Inachomoka ukiachia mafuta kwenye mteremko: ugonjwa ni ule ule ila ulioliwa ni upande wa pili wa zile pembe. Usizichomelee kujaza wala usizinoe kwa grainda ya mkono, chuma kile kimeimarishwa juu tu, ukikipasha moto kimekwisha. Nunua gia mbili zinazoumana zote, mpya na kuukuu hazikai pamoja.

Zinazofuata kwa uchache: uma wa gia, yani ule unaosukuma gia kwenye shafti, umepinda au ncha zake zimeliwa (zina rangi ya bluu? ziliungua, tupa), mfereji wa dramu umetanuka, na ile ya mwisho kabisa, mtu aliyefungua kabla yako alisahau washa moja, ile ringi bapa ya kwenye shafti. Hiyo ya washa inatesa maana kila spea ni nzima na gia bado inaruka.

Ukishaona gia inachomoka wakati wa kuvuta, acha kubeba abiria. Ikichomoka unaovateki lori pale Kibaigwa hakuna fundi wa kulitatua hilo.

Pedeli imelegea, hairudi, au imeganda kwenye gia moja

Pedeli inazunguka haifanyi kitu: meno yameisha, ya pedeli yenyewe au ya shafti. Ya pedeli badilisha pedeli. Ya shafti usichomelee pedeli kwenye shafti, najua mnafanya, siku sili ya pale (ule mpira wa kuzuia oili) inavuja utaitoaje bila kukata?

Pedeli inashuka hairudi: springi ya kurudisha imekatika, au ile pini inayoishikilia kwenye bloku imelegea. Ziko nyuma ya klachi kwenye CG na XL. Pini ifungue, safisha uzi, paka gundi ya uzi, kaza.

Imeganda gia moja: usikanyage kwa nguvu. Nyanyua tairi la nyuma, lizungushe kwa mkono huku unabonyeza pedeli taratibu, gia nyingi zinagoma kwa sababu tu shafti imesimama na pembe zimekutana uso kwa uso. Ikigoma na tairi linazunguka, fungua kava la kulia. Ikigoma hata baada ya kukuta kila kitu cha pale ni kizima, uma umepinda au klipu (ringi inayozuia gia isihame kwenye shafti) imeruka ndani. Hapo simamisha piki kabisa. Klipu inayotembea ndani ya gia inaweza kufunga tairi la nyuma ukiwa barabarani, na ikitokea minya klachi haraka usiiachie mpaka usimame.

Kelele

Watu wanasema "inapiga kelele" wanaishia hapo. Fanya hivi. Piki fri, injini inaunguruma, sikiliza. Minya klachi. Kelele ikipotea ni beringi ya shafti ya kuingilia au gia zake, maana ukiminya klachi shafti ile inasimama. Kelele ikitokea pale tu unapominya, ni kile kiberingi kidogo cha kusukumia klachi. Mtikisiko kama wa kokoto injini ikiunguruma taratibu, unaopungua ukiongeza mafuta kidogo, mara nyingi ni springi za nyumba ya klachi zimelegea, zinakera lakini haziui leo.

Ikilia kwenye gia moja tu basi ni meno ya gia hiyo. Ikilia gia zote na inafuata mwendo wa tairi, nyanyua tairi la nyuma, weka fri, injini zima, zungusha tairi la nyuma kwa mkono. Hapo utaisikia cheni, beringi za tairi, au beringi ya shafti ya kutokea pale kwenye sproketi. Shika sproketi ndogo uitikise juu chini, ikicheza wazi wazi beringi imekwisha, na hapo ndo sili inaanza kuvuja.

Wakati wa kumwaga oili pitisha sumaku. Matope laini ya kijivu ni kawaida. Vipande bapa vinavyong'aa ukivivunja kama biskuti ni meno ya gia yanamenyeka. Rangi ya dhahabu isiyoshikwa na sumaku ni bushi. Ukikuta kipande chenye umbo, yani unaona kabisa hiki ni kona ya kitu, usiwashe tena.

Oili inavuja au inapotea

Vumbi letu linajulikana, linakusanyika kwenye sproketi linageuka msasa na kula sili. Ila kabla ya sili angalia mpira wa kupumulia injini. Nyigu wanapenda sana kujenga udongo mle, piki ikilala msimu mmoja tu imezibwa, presha inakosa njia inasukuma oili kwenye kila sili. Zibua, futa, endesha siku mbili, ndipo uamue.

Sili ya sproketi na ya shafti ya pedeli nyingi zinabadilishwa kwa nje bila kupasua. Zimeandikwa vipimo vitatu, ndani, nje na unene, nenda navyo dukani. Kabla ya kusukuma mpya funika meno ya shafti na nailoni iliyopakwa grisi yasiikwaruze mdomo.

Oili imekuwa kama maziwa, umevuka korongo lenye maji au piki ilioshwa kwa presha. Mwaga, weka ya bei nafuu, endesha ipate moto, mwaga tena, weka nzuri.

Kwenye DT na AG100 kuna kisa chake. Hizi zina oili ya gia peke yake na oili ya kuchanganya na petroli peke yake. Oili ya gia ikipungua na hakuna tone chini, huku sailensa inatoa moshi mweupe mzito hata ikishapata moto, basi sili ya krenki upande wa klachi imekufa na injini inainyonya oili ya gia inaichoma. Ukiendelea kuongeza tu, ipo siku utasahau na gia zitakauka.

Kiki inateleza

Kama piki yako lazima iwe fri ndipo iwake kwa kiki, nguvu ya mguu inapita kwenye klachi, kwaiyo klachi inayoteleza inafanya kiki iteleze. Rekebisha klachi kwanza. Ikibaki, racheti ya kiki imeisha meno au springi yake imekatika.

Umefika kwenye kupasua

Sawa, umejaribu yote, tunashusha injini. Chagua siku isiyo na upepo, Agosti na Septemba hapa Dodoma usifanyie uani hata kidogo, ingia ndani, nyunyizia sakafu maji vumbi litulie. Osha injini nje kabla hujafungua bolti hata moja.

Zile skrubu za nyota za Kijapani hazikubali bisibisi yetu ya kawaida, inapanda na kuila kichwa. Tafuta bisibisi ya kugonga na nyundo. Bolti za bloku zina urefu tofauti, chora umbo la kava kwenye boksi, toboa, chomeka kila bolti mahali pake. Magineti inatoka kwa pula yake (kifaa cha kuivutia), usigonge nyundo pembeni.

Bloku ikikataa kuachana kuna bolti umeisahau. Rudi uhesabu. Usichomeke bisibisi kwenye maungio, alama moja tu pale na oili itavuja maisha yote.

Kabla ya kutoa shafti piga picha pande zote. Toa shafti mbili, uma na dramu pamoja, kila shafti pitishia waya katikati zisimwagike. Klipu zilizotoka zisirudi, weka mpya. Klipu ina upande wenye makali na upande wa duara, makali yatazame mbali na gia inayoisukuma. Beringi namba yake iko kwenye ringi, 6203 kwa mfano ni milimita 17 ndani, 40 nje, 12 upana, ukiwa na namba hauhitaji kusema jina la piki. Zinatoka na kuingia kwa joto, siyo kwa nyundo. Safisha bloku isibaki harufu ya petroli hata kidogo, ipashe juu ya bati kwenye jiko la mkaa mpaka tone la maji likidondoka linaruka, beringi mpya imelala kwenye friza, itadumbukia yenyewe. Moto wa gesi ya kuchomelea sehemu moja unapindisha bloku, usijaribu.

Spea za CG zinapatikana mjini kwa sababu piki nyingi za Kichina zilinakili injini ile, lakini hesabu meno, linganisha urefu wa shafti na pembe ukiwa pale pale kaunta. Gia moja ya Kichina na jirani yake ya Honda usizioze, nunua jozi. Za XL na DT mara nyingi utaagiza Dar, mtaa wa Gerezani, tuma sampo kwa basi siyo picha.

Gasketi ya katikati usikate ya karatasi yoyote, unene wake ndo unaamua shafti zicheze kiasi gani. Kabla hujafunga, weka gia zote kwenye nusu moja ya bloku, zungusha shafti kwa mkono huku unageuza dramu, kila gia iingie na itoke. Funga, kaza bolti kwa kuvuka kona kwa kona, za uzi wa milimita 6 zinataka nguvu ya kukazia kama Nm 10 tu, jaribu gia zote tena. Shafti ikikaza baada ya kufunga, fungua. Usitegemee itajilegeza yenyewe.

Mpe mtu mwenye mashine kazi hizi: krenki iliyocheza pembeni, uzi wa bloku uliokufa, gia iliyobanwa kwenye shafti kwa presha, na bloku iliyopasuka. SIDO (shirika la viwanda vidogo) pale mjini na mafundi wa kukereza vyuma wanafanya hizi kazi, nyumbani kwa jeki na nyundo utaongeza hasara.

Ukishairudisha kwenye fremu weka oili, piga kiki mara kadhaa bila plagi oili ipande, ndipo iwake. Endesha kwa upole barabara ya karibu na nyumbani, kila gia ivute na iachiliwe. Ikifika kama kilomita 300 mwaga oili ikiwa ya moto, pitisha sumaku. Unga kidogo ni gia mpya zinazoeana. Vipande, rudi kwenye kelele pale juu.